Udongo wa Chini Kabisa

Mamba, 14 Juni 2023

Mdogo wangu Vestina,

Nakuandikia nikiwa mzima, sijui wewe. Kama barua hii imekukuta na homa iweke kwanza, unywe dawa, uisome ukipona. Huku tupo. Mpunga tumevuna, ndege wametushinda kule bondeni lakini wa kula umo. Mbuzi yule mwenye pembe moja kazaa mapacha. Mwandiko wangu uuvumilie, ni huu wa kisomo cha kanisani, herufi zinatembea kama kuku mwenye viroboto.

Mwanangu niliyekuazima hajambo? Anakula? Mwambie asilale na nguo mbichi akitoka kumwagilia michungwa yako, kifua chake hakijawahi kuwa kizuri.

Sasa nisikilize. Kwenye simu siwezi kusema, simu ni ya jirani, na jirani akinipa simu ananiwekea spika. Ndiyo maana nampa Didace wa lori la machungwa.

Baba Amedeus kabla hajakata roho alikaa siku tatu hasemi na mtu. Siku ya nne akanishika mkono hapa kwenye kifundo, akasema, "Mama Amedeus, Masele hakwenda Chunya." Nikadhani ni homa. Unamkumbuka Masele? Yule Msukuma wa Kabungu aliyekuwa anachimba naye hapo kwenu Kasimbili, kwenye mashimo waliyoacha wazungu, wakati huo hapo ni dhahabu tu, hakuna hata mchungwa mmoja. Wote tuliambiwa Masele kaenda Chunya kwenye dhahabu, kapata mali, kawasahau ndugu zake. Mama yake alikufa anamlaani.

Vestina, ardhi ilimla. Baba Amedeus ndiye alikuwa juu kashika kamba. Walikuwa wanachimba bila ruhusa, wakaogopa, wakakubaliana waseme Chunya. Miaka thelathini na mbili mume wangu amekula ugali wangu na neno hilo tumboni.

Ameacha wosia. Unajua kwetu mtu asiyepatikana huletwa nyumbani kwa udongo wa pale alipofia, unafungwa sanda, unazikwa kama mtu, watu wanalia, wanamaliza. Baba Amedeus alitaka udongo wa Masele uzikwe miguuni pake, na siku hiyo hiyo matanga yake yeye yavunjwe. Alisema akauchukue mwanangu mwenyewe, kule chini Masele alikolala. Tusipofanya hivyo hatapumzika, ndivyo alivyosema, na mimi kila nikipita kaburini naona kama ananiangalia.

Msomee Amedeus barua hii. Shimo ni lile la juu ya korongo, lenye jiwe jeupe mdomoni. Nataka tumalize mwezi wa tisa.

Dada yako anayekuwaza,
Marsela


Kasimbili, 2 Julai 2023

Shikamoo dada,

Pole tena na msiba. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Amedeus hajambo, anakula kuliko mimi, kifua kimetulia. Machungwa mwaka huu yamebeba mpaka matawi tunayawekea nguzo. Siku hizi Jumapili wanakuja wageni na magari kupiga picha ile mitambo ya wazungu yenye kutu, wananunua machungwa, wanauliza dhahabu iko wapi. Amedeus anawaambia iko kwenye maganda, menyeni taratibu. Wanacheka, wanaongeza ndoo.

Barua nimemsomea. Kisha akatoka, akaenda kusimama pale shimoni muda mrefu.

Dada, shimo hilo liko ndani ya shamba langu, mstari wa tatu. Mdomo wake tuliuziba kwa miiba ili watoto wasitumbukie. Nilipopanda michungwa ile sikujua napanda juu ya mtu. Sasa nauliza kwa heshima, usinikasirikie: udongo wa juu hautoshi? Ardhi ya hapa imetobolewa kama mkate ulioingiwa na mende. Wazee wa hapa wanasema mashimo ya zamani hayaendewi. Amedeus ananicheka, anasema, "Mama mdogo, mama akisema chini ni chini." Nimemzuia mpaka utakapojibu. Waulize wazee wa huko, unijibu, dada.

Vestina


Mamba, 20 Julai 2023

Vestina mdogo wangu,

Nimepona malaria, ndiyo maana nimechelewa. Mapacha wa mbuzi, mmoja kafa. Wifi Rozalia, dada yake marehemu, anakusalimu, anaomba ukipata machungwa madogo yale matamu umtumie.

Wewe tangu utoto ni mwoga. Ulikuwa unaogopa hata kisima cha padri, mimi ndiye nilikuwa nakuchotea. Udongo wa juu ni wa kila mtu. Ng'ombe anaukanyaga, mvua imeuleta kutoka kwingine, majani ya michungwa yako yameozea humo. Nitamzika nani hapo? Nitazika majani? Baba Amedeus alisema alikolala Masele. Maneno ya mtu anayekufa hayapunguzwi.

Unaniambia niulize wazee. Niulize nani? Wifi Rozalia nikimwambia kaka yake alimwacha mtu shimoni, atanitazamaje? Hata padri sijamwambia. Watu huku wanajua tu tunamletea Masele udongo, hawajui kwa nini tumejua leo alikofia. Niache nimfichie mume wangu aibu yake, ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia.

Amedeus afunge kamba kwenye mti wenye nguvu. Asishuke mvua ikiwa imenyesha. Ale kwanza, asishuke na njaa, mtu mwenye njaa hupata kizunguzungu. Kopo moja tu linatosha, asijaze ndoo. Wewe ukae juu, usiondoke hapo hata kama chungu kinaungua.

Akisita mwambie mimi ndiye nimesema.

Marsela


Kasimbili, 3 Oktoba 2023

Shikamoo dada,

Nisamehe kuchelewa. Goti, halafu mambo mengi. Natumaini wote mko wazima.

Didace anakuletea kopo. Limefungwa kitambaa cha kijani, usilifungue njiani mbele ya watu. Dada, huo ni udongo wa chini, wa pale pale alipolala. Nakuapia kwa Mama Maria, hapo sikudanganyi. Uzikeni vizuri. Uzikeni kama mtu wenu.

Amedeus hayupo. Kaondoka ghafla, kaenda Chunya na wenzake. Hakupata nafasi ya kuandika. Msimngoje, fanyeni tu.

Machungwa ya wifi Rozalia yamo kwenye kiroba. Msimu umekwisha, haya ndiyo ya mwisho.

Vestina


Mamba, 29 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Tumemaliza! Ningekuwa na mabawa ningekuja kukusimulia kwa mdomo. Tulivyofungua kile kitambaa udongo ulikuwa mzito, mwekundu, unang'aa vijichembe. Nikasema kweli huu si wa juu. Tukaufunga sanda nyeupe. Dada yake Masele alikuja kutoka Kabungu, mama mzee, haoni vizuri, kashikwa mkono na mjukuu. Nilimpakatisha kile kifurushi. Alikibembeleza, Vestina, kama mtoto. Akasema, "Kumbe hukutusahau, kumbe ulikuwa umelala tu." Hakuna aliyebaki na jicho kavu. Tukamzika miguuni pa baba Amedeus. Kisha tukanyolewa, tukanawa, pombe ikaletwa, na mimi nikacheza. Nilicheza mpaka wifi Rozalia akanivuta kanga, "Wewe mjane, utavunjika kiuno!" Nikamwambia acha nicheze, leo nimetua mzigo.

Yeye Rozalia ndiye alinisemesha kidogo. Aliuona ule udongo akauliza kwa nini tumeuchimbua mbali hivyo. Anasema desturi ni kuchukua wa juu, pale miguu ya aliye hai inapoweza kusimama, kwamba mfu aliyeko chini hupanda mwenyewe kuufuata. Anasema aliye hai hashuki kumfuata mfu, hata siku moja. Nikamjibu heri tumezidisha kuliko tungepunguza.

Sasa mwanangu. Kwa nini Chunya? Vestina, miji ilivyo mingi hapa Tanzania, kwa nini niambiwe jina hilo hilo? Nimecheka nilipolisoma, lakini kicheko hakikufika tumboni. Nilikwenda kwa jirani kumpigia, simu inasema haipatikani, mara tano. Didace alishusha kopo na kiroba, nikamwambia ngoja unywe uji, akasema ana haraka, hakunitazama usoni. Nimemkosea nini?

Niandikie Amedeus yuko Chunya sehemu gani, kwa nani. Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Namfahamu anavyoandika herufi ya kwanza ya jina lake, anaiwekea mkia.

Marsela


Kasimbili, 10 Desemba 2023

Shikamoo dada,

Huku mvua zimeanza. Michungwa imetoa maua, harufu inaingia mpaka ndani ya nyumba. Jirani yangu kaoza binti. Goti bado.

Kwa hiyo mlimzika miguuni pa shemeji. Mlilia na kuimba? Padri alikuwepo? Vizuri dada. Vizuri sana. Umesema mama yule alikibembeleza kifurushi, nimesoma hapo mara nyingi.

Habari za Chunya sijapata. Usije sasa hivi, njia imeharibika, mabasi yanakwama. Tungoje kiangazi.

Vestina


Mamba, 2 Juni 2024

Vestina,

Nilikuandikia mwezi wa pili hukujibu. Nikaandika wa nne hukujibu. Nikaja.

Unajua nilikuja, ulinipokea mwenyewe. Lakini siku ile pale kwako sikutamka neno, na wewe hukutamka, tulikula ugali kama watu wawili wasiojuana waliokutana stendi. Asubuhi nikaondoka. Sasa nayaandika, maana kwenye karatasi naweza.

Nilishuka kwenye basi pale penye mitambo ya kutu. Mji wenu mzuri, Vestina. Kila nyumba ina mchungwa, hata kituo cha polisi. Akina mama wamepanga ndoo barabarani, machungwa yamepangwa kama mayai, nikafikiri kweli mwanangu alikuwa mahali pazuri. Kulikuwa na dada mmoja anauza, anaitwa Glory, akaniita, "Mama mgeni, onja kwanza, hapa kuonja ni bure, kukataa ndiyo dhambi." Nikacheka. Nikaonja. Nikamwambia sinunui, naenda kwa mdogo wangu Vestina, shamba la juu ya korongo, huko nitakula mpaka nikatae.

Akaweka kisu chini. Akasema, "Kwa mama Vestina? Kwa yule kijana wa shimoni?" Halafu akanitazama vizuri, nadhani aliona pua, Amedeus ana pua yangu. Akasema, "Yesu wangu. Pole mama. Tangu mwaka jana nilikuwa nasema mama yake mbona haji."

Tangu mwaka jana.

Alinisindikiza. Hakunipeleka kwako kwanza, mimi ndiye nilimwambia anipeleke huko. Nimeona. Shimo halipo tena, ni bonde tu limekaa kama sufuria, majani yameshaota. Glory akasema watu walichimba siku nne, ardhi ikawa inazidi kushuka, mwenyekiti akawakataza wasije wakafa wengine. Mchungwa mliofungia kamba bado upo ukingoni, umeinama. Kamba imekata ganda lake mpaka kwenye mti mweupe. Umebeba, Vestina. Umebeba kuliko yote. Nikauliza mbona huu hauchumwi, Glory akasema hakuna anayeugusa, yakiiva yanajidondokea humo ndani.

Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Lilidondoka moja mbele yangu. Lilibingirika mpaka kati kati likatulia.

Ndipo nikaja kwako. Ulipotokea mlangoni ukaniona, ulikaa chini hapo hapo kwenye kizingiti. Nilitaka kukupiga. Nilikuwa nimebeba fimbo ya kutembelea, nilitaka. Lakini nikaona juu ya sanduku lako barua zangu, umezifunga utepe, nikahesabu kwa macho, na ile ya Julai haikuwemo. Umeichoma? Nikaelewa hapo. Hukunificha kifo. Ulinificha mwandiko wangu.

Barua hiyo naijua kwa moyo, hata ukiichoma. "Akisita mwambie mimi ndiye nimesema."

Niambie alisita au hakusita. Hicho tu. Halafu niambie lile kopo lilitoka wapi.

Marsela


Kasimbili, 30 Juni 2024

Dada,

Salamu sina.

Barua yako ya Julai sijaichoma. Alishuka nayo mfukoni.

Hakusita. Alikuwa anapiga mluzi. Alikula kwanza kama ulivyosema, viazi na chai. Mvua haikuwa imenyesha. Alifunga kamba kwenye mchungwa mkubwa kuliko yote, akaning'inia nayo kuupima, akasema, "Mama mdogo, huu hata tembo." Mimi nilikaa juu, sikuondoka hata kidogo, nilikuwa na jirani yangu mmoja wa kusaidia kuvuta. Alikaa chini kama nusu saa. Tulikuwa tunamsikia anachimba. Kisha akatikisa kamba ndogo, tukavuta kopo. Limejaa, amelifunga kwa shati lake, lile la kijani.

Nilipolishika akapiga kelele kutoka huko, sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa, anacheka: "Mwambieni mama ni wa chini kabisa! Asiseme nimemdanganya!"

Nikamwambia njoo sasa. Akasema nakuja.

Basi dada. Kopo lilipanda.

Nilikaa nalo miezi miwili chini ya kitanda. Nikifikiria kukuandikia nakumbuka uliniambia nikae juu. Nilikaa juu. Nikajiuliza nikimwambia dada, ataishije na barua yake. Wenzake walisema mwandikie kaenda Chunya, ndivyo watu wa hapa wanavyosema tangu zamani, nikaliandika neno hilo. Nilijua wewe ndiye mtu pekee usiyefaa kuambiwa hilo, na sikupata lingine. Ila udongo sikukudanganya. Nilitaka angalau kile alichokishika mwisho kifike nyumbani, mkililie, hata kama kwa jina la mtu mwingine.

Uliniazima mtoto, sikuweza kukurudishia. Unilaani ukipenda.

Vestina


Mamba, 21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Kuna barua nilianza tatu nikachana. Hii nitaimaliza.

Sikulaani. Nikikulaani wewe itanibidi nianze na mimi.

Kumbe kile kitambaa kilikuwa shati lake. Nilikifua, Vestina. Baada ya maziko nilikifua kwa sabuni nikakianika, nikakifanya cha kukaushia vyombo. Kina harufu ya vyombo sasa. Ya kwake nimeitoa kwa mikono yangu.

Na nilicheza. Kila mtu hapa kijijini ananikumbuka nilivyocheza. Nikipita wanasema, "Huyo mama, siku ile ya Masele!" Wanacheka kwa wema. Sijui niwatazame vipi.

Dada yake Masele sijamwambia na sitamwambia. Yeye kapata mtu wake kweli, udongo ule ulikuwa wa ndugu yake, hakudanganywa. Mwenye kudanganyika ni mimi, na nilijidanganya mwenyewe. Naenda kaburini asubuhi. Naanza na baba Amedeus, namwuliza, sasa umepumzika? Maana ulisema hutapumzika. Sasa lala. Kisha nahamia miguuni, hapo nakosa niite nani.

Jana nilimwambia wifi Rozalia yote, tangu Masele mpaka mwanangu. Nilidhani atanipigia kelele. Aliendelea kupeta mchele, halafu akasema neno moja tu, "Ungeniuliza." Heri angenitukana. Nilikuwa namfichia mfu aibu, nikaogopa kuuliza swali moja kwa mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Anasema ule wa kopo ulizikwa kwa jina la Masele, haufukuliwi, na Amedeus anatakiwa kuwa na wake. Lazima aletwe, aliliwe kwa jina lake, na mimi ninyolewe tena. Nywele zenyewe zilikuwa ndiyo zinaanza kufunika kichwa. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nakuomba, mdogo wangu, kwa mara ya mwisho kuomba kitu huko. Ukisharudiwa na nguvu, nenda pale penye mchungwa ulioinama. Usiende peke yako, mtu akushike mkono. Mvua ikiwa imenyesha usiende. Usisogee ukingoni, kaa nyuma ya mti, uchuchumae, uchote kwa kiganja udongo ulio karibu nawe. Hata kama una majani. Hata kama ng'ombe amepita hapo. Weka kwenye kopo dogo, umpe Didace, mwambie simkasirikii, safari hii anywe uji.

Wa juu unatosha. Uchukue wa juu, Vestina. Asishuke mtu.

Dada yako,
Marsela